Kitambaa cha Usukani

Tabora, 4 Machi 2024

Mzee Nestory,

Shikamoo. Nimeshika kalamu kwa sababu simu haitufai tena mimi na wewe. Kusema huwezi, na maandishi ya kwenye kioo cha simu unasema yanakutoa machozi. Shangazi Agnetha ameniambia kwamba tangu upasuaji wa Januari unaandika kila kitu kwenye daftari la shule, hata ukitaka chumvi. Basi na mimi nimenunua daftari. Tukosane kwa maandishi kama tulivyokuwa tukikosana kwa mdomo.

Gereji iko salama. Jina lako bado liko getini, nimelipaka rangi upya. Watu wanauliza hali yako kila siku, nami nawajibu kwamba uko Kigwa kwa dada yako unakula karanga na kugombana na kuku.

Nina kazi ambayo sijawahi kuifanya. Amekuja mteja kutoka Mwanza na gari la michezo, la Kijapani, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba tuta la pale relini linalikwangua tumbo. Amekuja pia na boksi. Ndani mna manifodi ya hewa, ile mikono minne inayopeleka hewa kwenye silinda, lakini hii si ya kiwandani. Imetengenezwa na mafundi wa kuongeza kasi: aluminiamu tupu, mikono mipana na mifupi, imechomelewa kwa mkono. Anataka nitoe iliyokuja na gari niweke hii.

Nilimwuliza kwa nini asiende Dar es Salaam kwa mafundi wa magari ya mashindano. Akasema anataka ifungwe hapa, kwenye gereji hii. Sikumchimba.

Niambie nianzie wapi na niogope nini. Na upasuaji mkubwa umepangwa lini?

Wako,
Levina


Kigwa, 7 Machi 2024

Mwanangu Levina,

Marahaba. Dada anasema nisiandike kwa hasira kwa sababu kidonda cha shingo kinapata moto. Nitajaribu.

Upasuaji ni tarehe ishirini Mei, Dar es Salaam. Safari hii wanaondoa sanduku lote la sauti. Daktari amesema wapo wanaoamka na wapo wasioamka. Alisema bila kuzunguka, nikampenda.

Sasa kazi. Kabla ya yote, umefunga kitambaa chekundu kwenye usukani? Najua unajua, lakini nasema tena. Gari ambalo halijakamilika linafungwa kitambaa, na anayekifungua ni yule yule aliyekifunga, hata mwenye gari akilia machozi. Ndiyo sheria pekee niliyoiandika ukutani, na wewe mwenyewe umewahi kuipaka chokaa ukidhani ni uchafu.

Kitu kilichochomelewa hupinda. Tafuta kipande cha kioo kinene, ulaze uso wa manifodi juu yake. Ukicheza, tandika msasa juu ya kioo na uusugue taratibu mpaka ulale wote. Usitumie jiwe la kusagia la umeme, utaharibu. Wakati wa kukaza bolti, anza katikati uende nje, mizunguko mitatu, kila mzunguko nguvu kidogo zaidi. Mwenye haraka hukaza pembeni kwanza, kisha akalaumu gasketi inayobanwa katikati.

Ukishaitoa ya zamani, matundu manne yatabaki wazi kwenye injini. Nati moja ikitumbukia humo umeiua injini ya mtu. Ziba kila tundu kwa kitambaa safi na uvihesabu: vinne vimeingia, vinne vitoke. Na usichukue kile cha usukani kuzibia. Hata kwa dakika moja. Hata kama vitambaa vyote vya gereji vimeisha.

Mwambie pia mwenye gari kwamba manifodi ya mikono mipana inatoa nguvu injini ikiwa inapiga kelele huko juu. Huku chini inakuwa goigoi. Atajuta kwenye matuta ya Nzega.

Nestory


Tabora, 12 Machi 2024

Mzee wangu,

Shikamoo. Kitambaa kiko usukanini, roho yako itulie. Matundu nimeyaziba kwa shuka langu la zamani, vipande vinne, nimeviandika kwenye daftari kama mahudhurio ya shule.

Ulisema kweli, manifodi ilikuwa inacheza juu ya kioo kama meza ya mgahawa. Nimesugua siku mbili. Vidole vyangu havina alama tena, hata polisi hawatanipata.

Mwenye gari anakuja kila asubuhi. Anakaa kwenye tairi bovu pale ukutani, anaangalia. Jana akasimama ghafla, akachana upande mmoja wa lile boksi, akachora juu yake umbo la injini na kutoboa matundu. Kila bolti niliyoitoa akaichomeka kwenye karatasi mahali inapotoka. Nikasema moyoni, huyu ameshika spana zamani. Kisha akaandika namba za silinda, na namba moja akaiweka nyuma, upande wa kabini. Nikamwambia, kaka, silinda ya kwanza huwa mbele kwenye mkanda. Akasema, "Sisi tunahesabu kutoka nyuma."

Nilicheka peke yangu. Na wewe ulinifundisha hivyo hivyo, na chuoni nikakatwa alama kwa ajili yako.

Lakini hili la kutozibia kwa kitambaa cha usukani hukuwahi kunifundisha. Ni mwiko au ni nini?

Levina


Kigwa, 15 Machi 2024

Levina,

Mwenye gari anaitwa nani? Ana umri gani? Ana kovu kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto?

Kuhesabu kutoka nyuma ni kosa langu mwenyewe. Gari la kwanza nililofundishiwa lilikuwa na injini nyuma, nikazoea, sikujirekebisha. Hakuna fundi mwingine Tabora nzima anayehesabu hivyo. Nimewafundisha watu watatu tu kosa hilo. Mmoja ni wewe. Mmoja yuko makaburini.

Nijibu hayo kwanza. Gari litasubiri.

Nestory


Tabora, 18 Machi 2024

Mzee,

Shikamoo. Mwenye gari aliniomba nisiandike jina lake popote, nami niliahidi kabla sijajua naahidi nini. Ulinifundisha mwenyewe kwamba fundi asiyetunza neno asipewe funguo za watu. Kwa hiyo sitakujibu, na usinikasirikie mpaka kidonda kikapata moto.

Kazi imenishinda mahali. Manifodi imeingia, gasketi ni mpya, nimekaza kutoka katikati kama ulivyosema. Gari linawaka. Lakini sailensa, ule mngurumo wa gari likiwa limesimama, haikai. Mzunguko unapanda, unashuka, unapanda, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Nimebadilisha plagi, nimesafisha nozeli, nimekagua mipira yote. Jumamosi lilizima mara tisa. Yeye haulizi itakuwa tayari lini. Nadhani hana haraka ya kuondoka.

Levina


Kigwa, 21 Machi 2024

Levina,

Ni Renatus. Kunyamaza kwako kumenijibu.

Ulikuja gereji baada ya mambo haya, na alipokuja kumzika mama yake ulikuwa chuoni, kwa hiyo humjui, na mambo yenyewe uliyasikia nusu nusu kwa watu. Renatus ni mwanangu wa kwanza. Tarehe tisa Novemba 2013 alichukua pikapu ya mteja ambayo bomba lake la breki nilikuwa nimelirudishia kwa vidole tu, bado kulikaza. Ilikuwa na kitambaa chekundu kwenye usukani. Akakifungua. Akampakia mdogo wake Festo, wakaenda kumpokea mama yao stesheni. Njiani mafuta ya breki yakaisha, pikapu ikaingia chini ya lori lililoegeshwa. Festo alikuwa na miaka kumi na tisa. Renatus alitoka na kovu la kidole.

Siku ya tatu ya msiba, wana jumuiya wetu wa kanisani wamekaa uani kwangu baada ya sala, niliulizwa nikasema wazi kwamba kitambaa nilikifunga kwa mikono yangu. Renatus hakujibu neno. Wiki hiyo hiyo akahamia Mwanza. Asiyejibu anajua alichofanya.

Sitaki mkono wake ndani ya gereji yangu. Mrudishie gari, zima au bovu.

Kuhusu sailensa siwezi kukuacha bila jibu, maana hiyo ni kazi na haya mengine ni ya nyumbani. Kuna hewa inaingia kwa mlango wa panya. Usitafute kwa kunyunyiza petroli kama wafanyavyo wengine, utaunguza watu. Chukua kopo, weka kaa la moto na ubani, funika, moshi usukume kwa pampu ya baiskeli kupitia mpira mmoja wa manifodi, injini ikiwa imezimwa. Moshi utakapotokea, hapo ndipo penye ubaya.

Ukimaliza, aondoke.

Nestory


Tabora, 25 Machi 2024

Mzee,

Shikamoo.

Ubani nimenunua kwa mama Kuluthumu, akadhani nina msiba. Moshi ulitokea chini ya mkono wa pili, wa pili kwa hesabu yenu ya nyuma. Mahali palepale nilipoona nimesugua vya kutosha nikaacha. Nimeitoa, nimesugua tena, nimefunga. Sasa sailensa imetulia, unaweza kusimamisha glasi ya maji juu ya injini. Asante.

Sijamrudishia gari. Ukitaka kunifukuza, njoo unifukuze mwenyewe, shingo yako ikiwa imepona.

Nisikilize, Mzee. Miaka tisa umenilea kama binti yako. Sijawahi kukuuliza jambo la nyumbani. Lakini sasa mmeniweka katikati yenu kama gasketi, kila mmoja anakaza upande wake. Huyu mtu anapofika asubuhi, kitu cha kwanza anaangalia usukanini. Wiki iliyopita nilimwomba akalie kiti cha dereva ageuze usukani huku mimi nasukuma gari. Alikataa. Akasema, "Kitambaa hujakifungua." Nikafungua, ndipo akaingia. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekiuka sheria yako?

Jana nilimwuliza uso kwa uso: ulikifungua au hukukifungua? Aligeuka akaangalia usukani. Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Muulize Mzee, saa nne asubuhi kitambaa kilikuwa wapi."

Nami nakuuliza.

Levina


Kigwa, 2 Aprili 2024

Levina,

Nimechelewa kukujibu. Wiki nzima ya Pasaka nimeandika na kuchana.

Alhamisi Kuu nilikwenda kuungama. Kwa kuwa sina sauti, niliandika dhambi zangu kwenye karatasi nikampa padri. Jambo hili sikuwahi kuliungama nilipokuwa na sauti. Ajabu ni kwamba kulisema nilishindwa miaka kumi, na kuliandika kulichukua dakika chache. Padri alisoma, akaniondolea dhambi, kisha akanirudishia karatasi. Akasema nisiichome. Akasema kuna mtu mwingine anayestahili kuisoma.

Saa nne asubuhi ya siku ile kitambaa kilikuwa kwenye injini ya gari la mwalimu.

Mwalimu alikuwa ameleta gari lake, manifodi imetolewa, matundu wazi, na upepo wa Novemba unavuma vumbi jekundu. Vitambaa vilikuwa vimelowa mafuta vyote. Nikanyoosha mkono kwenye pikapu, nikafungua kile cha usukani, nikazibia. Nilijiambia ni kwa dakika moja, nitaleta kingine kutoka ndani. Mtu akaniita getini tukaanza kuongea habari za bei ya asali. Ni asali, Levina. Renatus alipokuja hakukuta kitu usukanini. Alifanya kama nilivyomfundisha: hakuna kitambaa, gari ni zima.

Walipoleta habari nilikuwa bado nimesimama getini. Nilikumbuka palepale. Na siku ya tatu, watu wananiangalia, mke wangu analia, niliulizwa nikasema nilikifunga. Ni kweli nilikifunga. Sikusema nilikifungua.

Ndani ya bahasha hii mna karatasi ya Renatus, ileile aliyoisoma padri. Usimpe sasa. Kaa nayo. Nikifia kwenye meza ya upasuaji tarehe ishirini, mpe. Nikiamka, nitampa mwenyewe. Ninaona aibu kukuagiza hivi lakini ndivyo nilivyo.

Nestory


Tabora, 5 Aprili 2024

Mzee,

Nimempa.

Ulisema nisimpe, nami nimekaidi. Nililala nayo usiku mmoja chini ya mto na sikupata usingizi. Niliona kwamba ukifa nitakuwa na mimi nimemficha, na huo ungekuwa urithi wangu kutoka kwako.

Alisoma amesimama. Akaikunja, akaenda bombani akanawa mikono, ingawa ilikuwa safi. Akauliza kama nina karatasi na bahasha. Nimempa daftari langu.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini nisingeweza vingine.

Levina


Tabora, 9 Aprili 2024

Baba,

Nimesoma.

Hukuniambia jambo nisilolijua. Jioni ya siku ile, nikitoka hospitali, nilipita gereji kuchukua shati la Festo alilokuwa ameliacha msumarini, maana walitaka nguo ya kumvika. Gari la mwalimu lilikuwa na boneti wazi. Kitambaa nilikiona kimejaa kwenye tundu. Nilichukua shati nikaondoka.

Siku ya tatu, uani, nilikuangalia nikisubiri useme. Ukasema ulilosema. Mama alikuwa amekaa kati yetu. Kama ningekuita mwongo mbele yake, angebaki na mtoto mmoja na mume mwongo. Niliona afadhali abaki na mume. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nilidhani jambo kama hilo linabebeka.

Nilidhani pia utalirekebisha ndani ya wiki moja. Kisha nikasema mwezi. Nilipokuja kumzika mama mwaka 2019, watu wa jumuiya walinipa mkono wa pole huku wanaangalia pembeni, na mama Julieth akamsogeza mtoto wake asinikaribie. Siku ile nilijua hutalirekebisha.

Unaweza kujiuliza kwa nini nimekuja. Nilisikia wanakuondolea sauti. Sikuwa na sababu ya kuingia gereji yako, kwa hiyo nilinunua sababu. Sihitaji kasi yoyote. Gari lile naendea kazini na kurudi nyumbani. Nilitaka tu mkono wako, au mkono uliofundishwa na wewe, ulishike gari langu mara moja.

Sitaki kuombwa msamaha kwenye karatasi iliyokunjwa. Nimevunjiwa jina uani kwako mbele ya watu. Nataka lirudishwe uani kwako mbele ya watu walewale walio hai, kabla hujaenda Dar. Sauti huna, lakini kuandika unaweza, na wenye sauti wapo. Ukikataa nitaelewa, na nitarudi Mwanza, na hutaniona mezani wala kaburini.

Renatus


Kigwa, 14 Aprili 2024

Mwanangu Renatus,

Sina haki ya kukuita hivyo lakini sijui kukuita vingine.

Nimekubali. Nitakuja Tabora Jumamosi tarehe ishirini na saba. Nimemwomba mwenyekiti wa jumuiya awaite wote waliokuwepo. Wengine wamehama, wawili wamefariki. Shangazi yako amekataa kusoma, anasema mdomo wake hauwezi kumtoa kaka yake uchi. Levina amekubali, ingawa ameniandikia kwamba atavaa miwani ya jua.

Nakutumia mapema yatakayosomwa. Kuna jambo humo hulijui. Niliogopa ulisikie mara ya kwanza umesimama katikati ya watu. Ukitaka nilitoe, niambie. Lakini nikilitoa nitakuwa nimefanya tena kama mwanzo, kusema nusu.

"Ndugu wana jumuiya. Mimi Nestory niliwaambia uongo siku ya tatu ya msiba wa mwanangu Festo. Kitambaa cha usukani nilikifungua mwenyewe, nikazibia injini ya gari jingine, nikasahau kukirudisha. Renatus hakufungua kitu. Alichukua gari ambalo kwa sheria yangu mwenyewe lilikuwa zima. Kifo cha Festo ni uzembe wangu. Kumsingizia kaka yake si uzembe, nilikusudia.

"Mwaka 2019, siku mbili kabla hajafariki, mke wangu Imakulata aliniuliza: 'Nestory, mtoto alikifungua kweli?' Watu walikuwa wametoka, tulikuwa wawili. Nilimjibu, 'Ndiyo.' Akasema, 'Basi asiitwe.' Ndiyo maana Renatus aliitwa kuzika, hakuitwa kuuguza. Wengi wenu mlisema amemtelekeza mama yake. Hakumtelekeza. Mimi ndiye niliyefunga mlango, na nilikuwa nimeushika mkono wa mama yake nilipoufunga.

"Siombi mnihurumie kwa sababu ya ugonjwa. Naomba kila aliyempita Renatus njiani bila salamu amtafute."

Ni hayo.

Nestory


Tabora, 17 Aprili 2024

Baba,

Usitoe kitu.

Renatus


Tabora, 30 Aprili 2024

Baba,

Jumamosi sikupanga kuichukua ile karatasi. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na tangi la maji, niweze kuondoka bila kuonekana. Lakini Levina alipofika pa mama sauti ikamwisha, watu wakabaki wanasubiri, na wewe umesimama pale umeshika mgongo wa kiti. Ilibidi mtu amalizie. Nilisoma kwa sababu hiyo, si kwa sababu nyingine. Usidhani vinginevyo.

Mama Julieth amekuja gereji jana. Alilia, akaleta kuku. Nikamwambia akae. Wamekuja na wengine. Nachoka kupewa pole, lakini nazipokea.

La mama sikulijua. Miaka yote nilidhani yeye ndiye aliyesema nisiitwe, kwa moyo wake mwenyewe, na nilikuwa nimeshamsamehe kwa hilo. Sasa sina cha kumsamehe, na msamaha ule wote umebaki mikononi mwangu sijui niupeleke wapi. Kwako siwezi kuuleta. Nimejaribu, msamaha wenyewe umegoma. Usiniulize lini, kwa sababu mwenyewe sijui kama hiyo siku ipo.

Shangazi ameniambia umekata tiketi ya treni kwenda Dar. Irudishe. Nitafika Kigwa alfajiri ya tarehe kumi na saba Mei. Manifodi imekaa vizuri. Ulisema kweli, huku chini ni goigoi, lakini kutoka Manyoni kwenda mbele barabara ni ndefu na imenyooka. Utakaa mbele. Levina amekutengenezea mto wa shingo kutoka kwenye siti ya basi bovu, unanuka grisi lakini ni laini. Usichukue daftari. Nisingependa kuendesha huku unaniandikia mambo pembeni, na mimi mwenyewe sitasema kitu. Tutakaa tu.

Nimeomba likizo nyingine ya wiki tatu. Watakapokuingiza ndani nitakuwa mlangoni, na watakapokutoa nitakuwa mlangoni. Nina maneno ya miaka kumi ya kukuambia, Baba, na mengi si mazuri, na safari hii hutaweza kunikatiza. Kwa hiyo usifie mezani.

Renatus